Umefika, Baba Enesi

Efraimu aliyajua magari kabla hajamjua mke. Kwao ni Msangano, kwenye joto na mtama. Shule hakuiona. Vita ilipokuja akachukuliwa, akapelekwa mbali, na huko Mzungu mmoja akamweka kwenye usukani kwa sababu tu alikuwa na miguu mirefu. Aliporudi alikuwa na koti la jeshi na ufundi wa kuendesha lori. Koti likachakaa. Ufundi ukabaki.

Mhindi mmoja pale Tunduma akampa lori. Halikuwa na kuta wala paa, ni bodi tupu ya mbao nyuma ya kichwa cha gari. Magunia ya mahindi na maharage yalipangwa juu yake mpaka yakapita kichwa, yakafunikwa turubai, yakafungwa kamba, ndipo safari ya Rodeshia ikaanza. Kupakia ilikuwa kazi ya wapagazi. Kamba za chini zilikuwa za Barnaba, utingo wake, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Turubai Efraimu hakumwachia mtu. Alipanda mwenyewe.

Lilikuwa turubai zito, kitambaa kinene kilichopakwa mafuta. Likilowa umande, wanaume wawili walihema kulinyanyua. Kulitandika alijifunza jeshini, na alijua namna moja tu. Unaanzia mbele, juu ya kichwa cha lori. Unashika pindo kwa mikono miwili, unalivuta huku ukirudi kinyumenyume juu ya magunia mpaka mwisho wa mzigo. Macho yanatazama turubai. Kule unakokwenda kunatazamwa na mgongo.

Barnaba hakuipenda namna ile.

"Dereva, piga magoti. Lisukume mbele yako, uende ukitambaa."

"Nitambae? Mimi mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga ana akili. Hajasimama juu ya mahindi."

"Barnaba, wewe hata ukisimama ni kama umepiga magoti. Niache mimi."

Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Barnaba naye alicheka. Mambo yakaishia hapo, kama yalivyoishia kila mara.

Mkewe, Tumpe, Efraimu alimpata kijiji cha Mpemba, karibu na Tunduma. Alikuwa Mndali wa Mbebe, milimani Ileje, ameshuka na maharage kichwani ili auze. Wasichana wengine walilisifia lori. Yeye alisimama pembeni akamtazama Efraimu akirudi nyuma na turubai lake, hatua kwa hatua, juu kule.

Akamuuliza Barnaba, "Huyu mwanamume akirudi nyuma hivi, nani anamwambia kuwa amefika?"

"Mungu," Barnaba akajibu.

"Mungu ana kazi nyingi," Tumpe akasema. Kisha akapaza sauti, "Wewe! Umefika!"

Efraimu akasimama. Akageuka. Kisigino chake kilikuwa kwenye gunia la mwisho. Chini alimwona msichana mwenye kitambaa cha bluu, amekunja uso kama mtu aliyeibiwa.

Akamwoa.

Wakakaa Tunduma, nyumba ya udongo karibu na uwanja wa kupakilia. Kila asubuhi ya kupakia Tumpe alikuja na uji. Aliuweka juu ya jiwe, akaenda nyuma ya lori, akasimama mikono kiunoni. Barnaba alivuta kamba, wapagazi walipiga kelele, na katikati ya kelele zote sauti yake ilipita. "Umefika, wewe!" Walipopata binti, Enesi, ikawa, "Umefika, baba Enesi!" Ndipo Efraimu alisimama, akachuchumaa, akashuka, akanywa uji wake.

Akazoea. Alirudi nyuma juu ya yale magunia kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Hakuhesabu hatua. Hakutazama. Alisubiri sauti.

Kulikuwa na jambo moja tu walilogombania na mkewe, nalo ni kuku.

Kwa watu wa huku, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Majina hayatajwi. Neno haliendi moja kwa moja, linapita kwa mtu mwingine. Mama mkwe akikaribia mahali alipo mkwe wake anakohoa, na mkwe akisikia kikohozi anageuza uso, anajisogeza, anampisha. Ni heshima, si uadui. Nayo ina mwisho wake. Ipo siku mume na mke wanampelekea mama kuku, mke ndiye anayembeba. Kuku akipokewa na kuliwa, kinywa kimefunguliwa. Wanaweza kusalimiana kama watu.

"Mpelekee mama kuku," Tumpe alisema. "Amezeeka. Akija kumwona mjukuu anajibanza jikoni kama mwizi."

"Nikirudi safari hii."

"Ulisema hivyo safari iliyopita."

"Basi nikirudi hii kweli."

"Safari zako haziishi, baba Enesi. Kuku wanazeeka, nawachinja mwenyewe."

Efraimu alicheka. Hakuwa anakataa. Mbebe hakuna njia ya lori, ni mguu mpaka juu, na mzigo ulikuwepo daima. Alijua kuku atakwenda. Aliona siku zipo.

Tumpe akafa masika ya mwaka ule Enesi alipoanza kung'oa meno. Ilikuwa homa. Ilianza kama homa za siku zote, na Efraimu alikuwa Rodeshia. Alimkuta bado anapumua. Hakuwa na nguvu ya kusema mengi.

"Msitengane," alisema. "Wewe na mtoto. Wewe peke yako hutaweza."

"Hatutatengana."

"Nani atakuita sasa?"

Efraimu hakuelewa kwanza. Alipoelewa, Tumpe alikuwa amelala, na hakuamka.

Walimzika kwa nyimbo za kanisa. Ndugu zake walishuka kutoka Mbebe. Baada ya matanga wakakaa na Efraimu, na mjomba wa Tumpe ndiye aliyesema.

"Mtoto wa kike halelewi na lori. Tutakwenda naye."

"Sitamtoa," Efraimu akasema. "Nimemwahidi mama yake."

"Atapikiwa na nani? Ndugu zako wote wako migodini Rodeshia."

Walivutana mpaka jua likapinduka. Mwisho wakapatana. Mama yake Tumpe, mjane asiye na mtoto mwingine wa kumtunza, atabaki Tunduma amlee mjukuu. Efraimu atafanya kazi na kuwalisha. Mjomba akainuka, akakung'uta nguo.

"Haya. Ilimradi unasimama kwa miguu yako, mtoto ni wako. Siku ukikaa chini, anapanda mlimani."

Efraimu akakubali. Aliitazama miguu yake, mirefu vile, akaona ameshinda.

Basi ikawa nyumba ya watu watatu, na wawili kati yao hawasemeshani. Mama mkwe alilala jikoni na Enesi. Asubuhi alikohoa kabla ya kutoka, na Efraimu aligeukia ukuta. Enesi ndiye alikuwa mdomo wa wote wawili.

"Enesi, mwambie baba yako unga umekwisha."

"Baba, bibi anasema unga umekwisha."

"Nimesikia. Mwambie bibi nitaleta."

"Bibi, baba anasema..."

"Nami nina masikio, mtoto wewe."

Enesi akiwa hayupo, bibi alisema na vyombo. "Chungu," alisema kwa sauti, "baba Enesi akirudi, mwambie nyama iko chini ya ungo." Na Efraimu, nje, aliliambia jembe kwamba ameshukuru. Barnaba alisikia siku moja akacheka mpaka akashika mti. "Dereva," akasema, "mpe huyo mama kuku, la sivyo chungu kitachoka."

"Nani atambeba? Kuku anabebwa na mke."

Barnaba akaacha kucheka.

Uwanjani hapakuwa tena na mtu nyuma ya lori. Barnaba alisema ataita yeye, na siku nyingine aliita. Lakini kamba zilikuwa pande zote mbili, naye alikuwa mmoja. Alipokuwa upande wa kushoto hakuona kulia. Akamsihi tena apige magoti. Efraimu alijaribu mara moja, wapagazi wakamwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto, akasimama. Si kwamba aliona aibu sana. Alipopiga magoti hakujua kusubiri nini. Akiwa amesimama, anarudi nyuma, ilikuwa kama Tumpe bado yuko kule chini, mikono kiunoni, hajafungua kinywa tu.

Siku ile mvua za kwanza zilikuwa zinakuja. Wingu lilitoka upande wa Rodeshia, jeusi, na upepo ulilitangulia. Mahindi yalikuwa juu ya lori, wazi. Mhindi alitoka dukani akapiga makofi, akasema haraka, haraka, mahindi yakilowa yataota humo humo kwenye magunia.

Kwa upepo ule lori lilitakiwa kugeuzwa kwanza, kichwa kiukabili upepo, ili usiingie chini ya turubai. Efraimu alilijua hilo. Barnaba alilisema. Wingu lilikuwa karibu, wakaliacha lori lilivyosimama.

Asubuhi hiyo Efraimu alikuwa ametoka bila kula. Enesi alikuwa na mafua, amelala. Bibi yake akachemsha uji, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtuma, akaubeba mwenyewe mpaka uwanjani. Akauweka juu ya jiwe. Akachuchumaa, akawapa mgongo, akasubiri mtu amwone, amwite Barnaba aupeleke uji kwa mkwe wake. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wanakimbia.

Efraimu alikuwa ameshashika pindo, anarudi nyuma. Upepo ukaingia chini ya turubai, likajaa kama tumbo, likamvuta mbele, kisha likamwachia. Akayumba. Akashika tena. Akavuta kwa hasira. Barnaba alikuwa upande wa pili, kamba imenasa kwenye ndoano, amening'inia nayo kwa uzito wake wote, haoni kitu.

Turubai likapiga kwa kishindo. Mama mkwe akageuka.

Alimwona. Alimwona mkwe wake, ambaye hakupaswa kumtazama, mgongo umemgeukia, anakuja. Aliona visigino. Aliona gunia la mwisho. Jina lake alilijua, lakini hakuwa amelitamka hata siku moja, na kumpigia mkwe kelele mbele ya wanaume hakujawahi kufanywa na mama yake wala bibi yake. Kuku hakuwa amepita kati yao. Alitazama huku na huku apate mtu wa kumwambia amwambie. Hakuwepo.

Akakohoa. Kwa nguvu, mpaka kifua kikauma.

Efraimu alisikia. Katika upepo na kelele zote alikisikia kile kikohozi, na akakijua ni cha nani. Naye akafanya kile afanyacho mkwe mwema. Akageuza uso. Akajisogeza nyuma hatua moja, ampishe.

Hapakuwa na gunia pale.

Alianguka chali. Alipofumbua macho, mvua ilikuwa inamnyeshea usoni, na kuna mtu alikuwa analia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Akataka kuinuka. Mikono ikainuka.

Wakampeleka hospitali ya misheni juu ya lori lile lile, amelazwa kwenye magunia, Barnaba amemshika kichwa. Kule wakamlaza mpaka mahindi mapya yakawa yamefika magotini. Daktari hakumdanganya. Alimchoma sindano kwenye paja, akamuuliza kama anasikia, Efraimu akasema hasikii. Daktari akasema basi ndivyo itakavyokuwa.

Akarudishwa Tunduma. Barnaba alimbeba mgongoni kutoka barabarani. Miguu yake mirefu ilikuwa inaburuta chini.

"Ona," Efraimu akasema. "Leo ningekuwa mfupi kama wewe, isingeburuta."

Barnaba akampandisha juu zaidi mgongoni.

Mhindi alimtumia unga na blanketi. Lori alipewa dereva mwingine, Yonathani, kijana kutoka Mbozi. Na mjomba wa Tumpe akatuma neno kutoka mlimani. Halikuwa refu. Mvua zikiisha, mtoto apande.

Efraimu akalala akitazama paa. Hakulala na mawazo mengi, alikuwa na moja tu. Mama mkwe peke yake ndiye angeweza kusema mbele ya ndugu zake, "Mtoto abaki, nami nabaki." Wangemsikia. Lakini ombi kama hilo halipitishwi kwa mtoto wala kwa chungu. Lazima alisikie kutoka kinywani mwa mkwe wake mwenyewe.

Akamwita Enesi.

"Kuna kuku?"

"Yupo mwekundu. Anataga."

"Mkamate. Mshike hivi, kwa mikono miwili, usimning'inize. Mpelekee bibi yako jikoni. Piga goti. Sema, baba ameleta."

"Mbona hapo jikoni ni karibu tu?"

"Mpeleke, mama."

Alimwita mama, kama watu wanavyowaita binti zao. Enesi akatoka. Efraimu akasikia kuku akipiga kelele, akasikia nyayo ndogo zikivuka ua. Kisha akamsikia yule mzee akilia, polepole, kama mtu anayejihurumia kwa mara ya kwanza.

Jioni alinusa mchuzi. Mlango ukafunguka bila kikohozi.

"Baba Enesi."

"Naam, mama."

Ndipo alipomwona uso. Ulikuwa uso wa Tumpe, umekaushwa na moshi. Hakujua. Miaka yote ile hakujua kwamba wamefanana.

"Umekula?"

"Bado, mama."

Akamwekea paja la kuku. Akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Siku ile nilikuona," akasema.

"Najua. Nilikusikia unakohoa."

"Nilikohoa ili usimame."

"Mimi nilidhani unataka nikupishe."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa upande wa kitenge. Efraimu akatazama paa.

"Ungefanya nini kingine, mama," akasema. "Nilichelewa na kuku."

"Tumpe alikuwa akiniambia, atakuja, mama, atakuja, ana safari nyingi."

"Ndiyo. Zilikuwa nyingi."

Kisha akamwomba. Alisema vile alivyopanga kusema, kwamba alimwahidi Tumpe, kwamba mtoto ni huyu huyu tu, kwamba yeye mama akikataa kupanda, ndugu watanyamaza. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kinywa kilikuwa kimefunguliwa, hakikuwa na pa kujificha.

"Baba Enesi, tutakula nini?"

Efraimu akamsogezea lile paja la kuku.

"Unga wa Mhindi umebaki chini ya debe. Mimi nina shamba Mbebe, hapa sina hata tuta. Kule kuna maharage, kuna ndizi. Hapa nitawatazama mkifa, mmoja baada ya mwingine. Nimeshamzika mmoja hapa."

"Basi tupande wote."

"Nani atakubeba mlima ule? Na ukifika utalala nyumba ya mama mkwe wako?" Akajaribu kucheka. "Kuku hafungui mpaka huko."

"Hafungui."

"Kanisa limesema litakuangalia. Barnaba yupo."

"Barnaba ana safari," Efraimu akasema.

Mama mkwe akainuka. Mlangoni akasimama, akamtazama sana, kama anayetaka kuimaliza miaka yote aliyokuwa anatazama pembeni. Akatoka.

Mvua zilipoisha, Enesi na bibi yake waliondoka lori lilipokuwa linakwenda Mpemba kuchukua mzigo mwingine. Kutoka hapo wangetembea. Barnaba alimtoa Efraimu nje, akamkalisha mlangoni, akamwegemeza ukuta. Uwanja wote ulionekana.

Yonathani alikuwa juu, anatandika turubai. Alirudi kinyumenyume, amesimama wima, anapiga mluzi.

"Piga magoti!" Efraimu akaita. "Kijana! Piga magoti!"

Yonathani akapunga mkono. "Pumzika, mzee!" Wapagazi wakacheka, si kwa ubaya.

Kichwa cha lori kilikuwa kimejaa, mna karani wa Mhindi na mizigo yake. Abiria walipanda juu ya turubai kama siku zote. Barnaba alimnyanyua Enesi, akampokeza bibi yake huko juu. Mtoto alikuwa amevaa kitambaa cha bluu cha mama yake, kimemzidi. Hakuwa analia. Alikuwa hajawahi kupanda lori la baba yake, na lilikuwa refu.

Injini ikanguruma. Enesi akasimama ili amwone baba yake vizuri. Akasogea pembeni kabisa, kwenye ukingo wa mzigo, akapunga mikono yote miwili.

"Kaa!" Efraimu akapaza sauti. "Enesi! Umefika hapo! Rudi, kaa katikati!"

Lori likaondoka. Sauti ya injini ilikuwa kubwa. Bibi alikuwa akifunga kitenge kichwani, hakutazama. Mtoto akaendelea kupunga, amesimama, na Efraimu akaendelea kuita, katikati, kaa katikati, mpaka lori likakata kona ya barabara na vumbi likabaki peke yake.

Barnaba hakuwepo wa kumrudisha ndani. Alikuwa amekwenda na lori, amening'inia nyuma. Efraimu alikaa pale mlangoni akisikiliza upande wa barabara, asijue kama mtoto amekaa katikati, hata giza lilipoingia.